Sweta la Kwenda Maskati

Tiketi ilipoingia kwenye simu ya Joanitha, mji mzima wa Kayanga ulipata ghafla utaalamu wa joto. Watu ambao safari yao ndefu kuliko zote iliishia Bukoba walimsimamisha sokoni wakamweleza jinsi jua la Uarabuni linavyofanya kazi. Muuza vitunguu alimwambia huko yai linaiva likiwa bado tumboni mwa kuku. Fundi cherehani akaapa kwamba mchana nzi hawaruki, wanatembea kwa miguu wakitafuta kivuli. Na wote, wakishamaliza kupiga domo, waligeuka kumtazama mtoto aliye mgongoni kwa macho ya rambirambi, utadhani msiba umeshatangazwa na mama mtu ndiye pekee hajaambiwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi mitano, mashavu mawili ya nguvu na majina mawili. Upande wa baba aliitwa Abdulatifu. Kule Igurwa, bibi yake mzaa mama aliona jina hilo ni refu mno kwa mtu asiye na jino hata moja, akamwita Byabato. Yeye aliyaitikia yote mawili kwa kucheua.

Baba yake, Abdillah, alikuwa Maskati akiuza vipuri vya magari katika duka la ndugu wa mbali. Alikuja nyumbani likizo, akaacha mimba, akarudi kazini kabla mtu yeyote hajajua kwamba ameiacha. Kwa hiyo mwanawe alimjua kwa kioo cha simu tu. Na kila alipopiga simu ya video, Abdillah alikuwa amesimama nje ya mlango wake, fulana ya ndani mwilini, jua limemjaa usoni, akijisifu.

"Joto? Joto gani? Mimi nimeshalizoea," alisema. "Leo ukinirudisha Kayanga nitakufa kwa baridi."

Sauti yake ilikuwa ya mafua kila siku ya Mungu. Alisema ni vumbi la jangwani.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, akaongeza kwamba mkataba unaisha mwezi wa tisa na bosi anataka auongeze. Basi Joanitha na mtoto waje mwezi wa sita, wakae kidogo, waone maisha.

Hapo ndipo Joanitha alipoanza kukosa raha. Kule Kyerwa kulikuwa na mwanamke aliyemfahamu, Benadeta, ambaye mumewe alizoea Durban. Alianza kuzoea chakula, akazoea lugha, akamalizia kwa kuzoea binti wa mwenye nyumba. Joanitha alikuwa amesikia neno hilo moja, "nimezoea", likitoka kinywani mwa mume wake mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe. Alitaka jibu la swali moja tu: Abdillah anarudi nyumbani au harudi? Na swali hilo hakutaka kuliuliza kwenye simu, mahali ambapo mtandao hukatika kila mwanamume anapobanwa. Alitaka kumwekea mtoto mapajani, amkazie macho, ndipo aulize.

Kizuizi kilikuwa mkwewe. Mzee Isihaka aliuza magodoro na mablanketi karibu na stendi. Alikuwa mgane, mwenye tumbo la heshima na sauti iliyozoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Miaka mingi nyuma, akienda Hijja, ndege yake ilitua Maskati asubuhi na kuondoka jioni ileile, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia nchi hiyo mbele yake bila kusahihishwa.

"Shikamoo, baba," alisema Joanitha akipiga goti dukani.

"Marahaba. Nimefikiri. Wewe utakwenda. Mtoto atabaki."

"Abaki na nani, baba? Bado ananyonya."

"Kuna maziwa ya ng'ombe. Mimi nimelelewa kwa maziwa ya ng'ombe, na unaniona." Akalipiga tumbo lake kama ushahidi. "Lile jua nimeliona kwa macho yangu. Litamkausha mjukuu wangu kama dagaa."

"Sasa nikienda bila mtoto, nitakwenda kumwonyesha Abdillah nini?"

"Picha."

"Picha anazo, baba. Ana picha mpaka simu imejaa. Kinachokosekana ni mtoto."

Mzee akahamisha godoro lililokuwa halina haja ya kuhamishwa. Joanitha hakuondoka. Kilikuwa ndicho kipaji chake kikubwa, kutoondoka. Mwisho mzee akatoa uamuzi ambao hata leo stendi nzima inausimulia: mtoto afanyiwe mtihani wa joto. Akifaulu, asafiri. Akifeli, maziwa ya ng'ombe.

Ila joto mwezi wa sita Kayanga unalitoa wapi? Asubuhi ukungu unakaa barabarani kama wenye nyumba, bodaboda wanavaa makoti ya kijeshi, na watoto wachanga wanafungwa nguo juu ya nguo mpaka usijue kichwa kiko upande gani. Joto lilikuwa mahali pamoja tu, nalo ni nyuma ya soko, katika chumba cha tanuri la mikate la Celestin. Ndani mle hata Celestin mwenyewe alifanya kazi akiwa na kaptula na taulo shingoni.

Walikwenda siku ya Jumamosi, wakati tanuri limekolea. Mzee Isihaka hakukubali mtoto apakatwe na mtu mwingine, kwa sababu mtihani unahitaji msimamizi anayeijua Maskati. Aliketi juu ya mfuko wa unga akiwa na kanzu, koti la suti na kofia, mjukuu mapajani na nepi peke yake. Joanitha aliambiwa asimame mlangoni asije akatia huruma matokeo.

Mtoto alitazama moto, akapiga miayo, akatupa mikono yake huku na huku na kulala usingizi wa mtu aliyelipia chumba.

"Umemwona?" alisema Celestin, akichomoa mikate. "Huyu ni wa tanuri hasa."

"Ngoja kwanza," alisema mzee. "Maskati ni zaidi ya hapa."

Wakangoja. Jasho lilianza kwenye kofia ya mzee, likashuka usoni, likaingia ndevuni na kudondoka kwenye koti. Celestin akamshauri avue japo koti. Mzee akasema koti halina neno. Baada ya kitambo akasema jua la Maskati linapiga kwa juu, hili la Celestin linapiga kwa ubavuni, ndiyo tofauti. Baada ya kitambo kingine hakusema kitu tena, na hapo ndipo Joanitha alipoingia haraka, akamnyakua mtoto, na mkwewe akateleza taratibu kutoka juu ya mfuko hadi sakafuni bila kugombana na mtu.

Celestin hakuwa na maji mengine ila ya kukandia, akamwagia hayo. Mzee Isihaka alipofumbua macho alikuwa amepakwa unga na maji kuanzia kofia hadi kiunoni, na kwa joto lile alikuwa karibu kuumuka. Mtoto alikuwa bado amelala.

"Mtoto amefaulu," alisema Celestin. "Ila mzee asipelekwe."

Wakati huohuo Mama Kokuhirwa alikuwa ameshuka kwenye bodaboda kutoka Igurwa, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma na furushi kifuani. Huyu ndiye mama mzazi wa Joanitha, mwanamke wa kahawa na migomba, Mlutheri wa kuimba sauti ya kwanza hata pale isipohitajika. Alimkuta mkwe mwenzake ameketishwa nje ya tanuri akifutwa unga.

"Mawe! Waitu, mkwe, umefanya nini?" alimaka kwa Kinyambo chake.

"Tunampima mtoto joto," alisema Mzee Isihaka kwa heshima yote iliyosalia.

Mama Kokuhirwa hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Alifungua furushi lake, akatoa sweta. Lilikuwa la sufi nzito, kijani na zambarau, shingo ndefu ya kukunja mara mbili, na kofia yake yenye masikio. Alilifuma mwenyewe katika kikundi cha akina mama wa kanisani, na kila mama aliyekaa karibu alikuwa ameongeza ushauri mpaka mikono ikawa haifanani urefu.

Mzee Isihaka alicheka hadi unga ukapeperuka. "Mama Joanitha! Mtoto anakwenda Maskati, haendi Ulaya!"

"Kote huko si nje ya nchi?"

"Joto lake linaua!"

"Joto lao, sweta langu," alisema Mama Kokuhirwa. "Byabato hatatoka hapa bila sweta watu wakasema mama yake hana mama."

Hilo lilikuwa neno la mwisho. Joanitha alimpenda mama yake, lakini aliona aibu tupu. Alilikunja sweta, akalisukumiza chini kabisa ya begi, chini ya nepi na kahawa ya kutafuna, mahali ambapo hata forodha wasingelifikia. Alikusudia kulirudisha kama lilivyokwenda na kudanganya kwamba lilifaa sana.

Safari haina cha kusimulia isipokuwa kwamba Byabato alicheua katika kila chombo walichopanda, kuanzia basi la Mwanza hadi ndege ya pili, bila upendeleo. Walipotoka nje ya uwanja wa Maskati, joto liliwapokea usoni kama mlango wa Celestin ukifunguliwa ghafla. Joanitha akatweta. Mtoto akatazama huku na huku, akaona ni jambo analolijua, akatulia.

Abdillah alikuwa pale. Alikuwa amekonda, ananukia udi, amevaa miwani ya jua na kandambili za ngozi, na kila sentensi aliitia "yalla" kama watu wengine wanavyotia chumvi. Alimchukua mwanawe kwa mikono miwili. Mtoto alimchunguza usoni kwa makini, akaona huyu hafanani na mtu wa kwenye simu, akapasua kilio kilichowageuza mpaka askari. Abdillah akamrudisha upesi. Akacheka, lakini mdomo wake haukukaa sawa, na Joanitha aliliona hilo akalihifadhi.

Njia nzima kwenye teksi alijisifu, akikohoa katikati. "Unaliona jua hili? Mimi hata silioni. Watu wanakimbilia ndani, mimi natembea tu. Nimezoea kabisa."

Joanitha alitazama majumba meupe na milima isiyo na jani. Moyo wake ulikuwa mzito. Aliona huyu si mume aliyemjua, huyu ameshakwenda, na yeye amekuja kuaga bila kujua. Alimkumbuka Benadeta wa Kyerwa, akambana mtoto kifuani.

Walipofika mlangoni, ule mlango wa kwenye simu, Abdillah alisimama.

"Ngojeni hapa kidogo," alisema. "Nipange chumba."

Akaingia, akafunga. Ndani ukasikika mwendo wa haraka, kitu kikiburutwa, kabati likifunguliwa. Joanitha alisimama nje na joto lake na mtoto wake, na akili ikamtuma moja kwa moja kwa binti wa mwenye nyumba. Alikwishamwona, mrefu, mweupe, anatafuta viatu vyake chini ya kitanda. Damu ikampanda. Akausukuma mlango kwa bega, akaingia akiwa na matusi mawili ya Kinyambo tayari ulimini.

Baridi ikampiga.

Haikuwa baridi ya kawaida. Ilikuwa baridi ya Kayanga, ile ya alfajiri, inayoingia kwenye mikono ya nguo na kupanda. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma ukutani, namba yake imeshushwa hadi mwisho wa kushuka. Na pale katikati, mume wake alikuwa amepiga magoti akijaribu kusokomeza kitu kikubwa chini ya kitanda, nusu kimeingia, nusu kimegoma. Lilikuwa blanketi zito lenye picha ya simba, blanketi la harusi yao, ambalo lilipotea nyumbani tangu ile likizo na ambalo Joanitha alikuwa amemsingizia muuza mkaa hadi mtu wa watu akahama mtaa.

"Abdillah."

"Si unavyodhani, ni... ni la kutandika chini," alisema Abdillah. "Sakafu ni ngumu."

"Abdillah."

Aliliachia. Simba akamwagika sakafuni. Abdillah akaketi juu yake, akavua miwani yake ya jua, na bila miwani alikuwa kijana yuleyule wa stendi aliyemwibia mandazi baba yake ili ampelekee yeye.

"Siwezi kulala bila kujifunika," alisema. "Nilijaribu, nikashindwa. Nikikishusha mpaka mwisho na nikafunga mapazia, inakuwa kama asubuhi ya kwetu. Najifunika mpaka puani. Nasikia kama mzee anakaribia kunigongea nikafungue duka." Akapenga kamasi. "Nimekumbuka nyumbani, Joanitha. Nimekumbuka vibaya sana."

Kumbe mafua yale! Joanitha hakujua acheke au amtandike. Furaha ilimjaa mpaka ikamtia hasira.

"Na ile 'nimezoea, nimezoea'?"

"Ningesema nini? Baba anamwambia kila mteja kwamba mwanawe yuko Maskati. Mtu anapelekwa nje na mji mzima, halafu apige simu kulilia ukungu?"

Mtoto akapiga chafya, kisha nyingine. Midomo ilianza kumtetemeka. Joanitha akaliweka begi chini, akachimba, akapita nepi, akapita kahawa, akalivuta sweta la mama yake. Alimvika, akakunja ile shingo mara mbili, akamfunga kofia yenye masikio. Mkono mmoja ulifika kwenye vidole, mwingine ukaishia kwenye kiwiko. Alikuwa ni Byabato kabisa, tayari kupandishwa Igurwa alfajiri na mapema. Alipoona mambo yamekuwa kama yalivyo siku zote, alitulia.

Abdillah alimtazama mwanawe katika kijani na zambarau, na machozi yakamtoka waziwazi, bila vumbi la jangwani. Akanyoosha mikono. Safari hii mtoto alikwenda. Wakaingia chini ya simba wote wawili, zikabaki pua.

Sasa ndipo Joanitha alipouliza. "Unarudi au hurudi?"

Na hapo, mtu yuleyule aliyekuwa analia, akaanza kuzunguka. Akasema bosi ni mtu mwema. Akasema watu watacheka. Akasema labda mwaka mmoja tu, halafu wataona.

Joanitha hakubishana. Alimchukua mtoto, akamvua kofia, akamvua sweta, akambakiza na nepi. Akaichukua rimoti iliyokuwa juu ya mto, akakizima kiyoyozi, akafungua mapazia yote na dirisha.

"Unafanya nini?"

"Tukae Maskati," alisema Joanitha. "Hii uliyoizoea."

Akaikalia rimoti.

Jua liliingia likapanda kitandani bila kuvua viatu. Mtoto akapiga miayo, akatupa mikono huku na huku, akalala. Abdillah alikaa wima, mgongo ukutani. Jasho lilianza kwenye nywele, likashuka usoni, likaingia ndevuni. Joanitha alilitambua jasho hilo, aliwahi kuliona likitembea njia hiyohiyo kwenye uso mwingine. Akamshauri avue shati. Abdillah akasema shati halina neno. Akasema joto la leo ni la ubavuni, siku nyingine huwa la juu. Kisha hakusema kitu, akaanza kuteleza taratibu ukutani.

"Washa," alisema kutoka sakafuni.

"Unarudi au hurudi?"

"Narudi."

"Lini?"

"Mwezi wa tisa. Washa, mama. Nakufa."

"Mwambie bosi kwanza."

Akampigia bosi akiwa amelala chali. Joanitha hakujua Kiarabu, lakini alijua mwanamume anavyosikika anapoaga, na alisikia pia kicheko cha bosi, kicheko cha mtu aliyeomba jibu jingine lakini alilitarajia hilo. Simu ilipokatwa aliinuka, akafunga dirisha na mapazia, akakiwasha kiyoyozi, akakishusha mpaka mwisho. Akamvika mtoto sweta.

Jioni Mzee Isihaka alipiga simu. Alikuwa nje ya duka, na nyuma yake ilisikika stendi nzima ikinyamaza ili isikie.

"Mjukuu wangu anaendeleaje na joto?"

"Hajambo kabisa, baba. Mwambie mama sweta limefaa."

"Sweta? Limefaa nini?"

"Hilo nitamweleza mama mwenyewe, baba."

"Na mwanangu? Si mnamwona huko anavyodunda juani?"

Joanitha alitazama kitandani. Mume na mtoto walikuwa wamelala chini ya simba, pua mbili nje, moja kubwa ina mafua.

"Tulimpa mtihani, baba. Amefeli. Mwezi wa tisa anarudi nyumbani."

Joanitha alikwishaandaa maneno ya kumtetea Abdillah, aibu ya mji, vicheko vya stendi, yote. Kisha akamsikia mzee akijikohoza, akisogea mbali na watu wake, akivuta pumzi ambayo inaonekana aliibana tangu siku alipomsindikiza mwanawe kwenye basi.

"Aliteleza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mpaka sakafuni, baba."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Isihaka, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Huyo bado ni wangu."